Mwimbaji Amekula?

 

Neno letu leo ni Nehemia 13:10-11. Lisome kwanza, kisha urudi hapa.

Juma lililopita, baada ya ibada ya vijana, niliulizwa swali: "Mchungaji, mbona wanamuziki wakubwa wanakufa mapema?" Kabla sijafungua kinywa, kijana mwingine akajibu kwa niaba yangu: "Waliuza roho. Hizo ni kafara." Wengi wakatikisa kichwa kukubali. Ndiyo maana naandika. Jibu hilo linazunguka kwenye simu zetu kila msanii anapofariki, na ubaya wake ni kwamba linatupa usingizi mzuri. Kama ni kafara, basi mimi na wewe hatuna la kufanya.

Hebu tuwaangalie watu wenyewe.

Issa Mmari, yule tuliyemjua kama E-Sir, kijana wa South C kule Nairobi, alikufa kwa ajali ya barabarani tarehe 16 Machi 2003 akirudi kutoka Nakuru alikokwenda kutumbuiza. Alikuwa na miaka 21. Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wa Morogoro ambaye wazee wetu bado wanamsikiliza redioni, alikufa kwa ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979 akiwa na miaka 34. Mowzey Radio wa Uganda aliumizwa katika ugomvi wa baa Entebbe, akafariki tarehe 1 Februari 2018.

Sasa ongeza jina la nne: Angela Chibalonza. Alizaliwa Kongo, akaimba na kuhudumu hapa Kenya, na nyimbo zake bado zinatikisa makanisa yetu. Ndugu zetu Wakongomani walioko Kakuma wakizianzisha, hakuna anayebaki ameketi. Dada huyu naye alikufa kwa ajali ya barabarani, Septemba 2007, bado kijana.

Kama kufa mapema ni dalili ya kuuza roho, Chibalonza tutamweka wapi?

Bwana Yesu alishaifunga hesabu ya namna hiyo. Katika Luka 13 anataja watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, akawauliza wasikilizaji wake kama wanadhani wale walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe kwamba sivyo, kisha akawageuzia neno wao: tubuni. Aliyekuja kujadili dhambi za marehemu akarudi nyumbani akiwa na kazi juu ya nafsi yake.

Mpendwa, sisemi kwamba Shetani hayupo. Yupo, na mimi humkemea kila Ijumaa kwenye maombi. Lakini hana haja ya mkataba wa damu ikiwa dereva amechoka, barabara ina giza, na shoo imekwisha saa nane usiku.

Kuna wale wanaosema miaka 27 ni umri uliolaaniwa kwa wanamuziki, kwa sababu Jimi Hendrix, Janis Joplin, Kurt Cobain na Amy Winehouse wote walikufa katika umri huo. Mwaka 2011 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti juu ya wanamuziki 1,046 ambao albamu zao ziliwahi kushika nafasi ya kwanza nchini humo kati ya 1956 na 2007. Watafiti hawakuona kwamba miaka 27 ina jambo la pekee. Walichokiona ni kizito zaidi: wanamuziki hao, wakiwa katika miaka yao ya ishirini na ya thelathini, walikuwa katika hatari ya kufa mara mbili hadi tatu kuliko watu wengine wa Uingereza. Kwa hiyo hakuna namba ya uchawi. Kinachowaua ni jinsi wanavyoishi, na maisha hayo yana watu wanaoyatazama kila siku.

Na hapa Wapentekoste tusijitoe haraka. Elvis Presley alilelewa katika Assemblies of God kule Tupelo, Marekani. Tuzo tatu za Grammy alizoshinda kwa nyimbo zake zote zilikuwa za nyimbo za Injili. Alikufa mwaka 1977 akiwa na miaka 42, mwili wake umechakazwa na dawa nyingi alizoandikiwa na daktari. Whitney Houston alianza kuimba akiwa mtoto katika kanisa la New Hope Baptist mjini Newark, ambako mama yake aliongoza kwaya. Tarehe 11 Februari 2012 alikutwa amekufa kwenye bafu la hoteli, na ripoti ya uchunguzi ikataja kuzama majini, ugonjwa wa moyo na kokeini. Alikuwa na miaka 48. Ibada ya mazishi ilifanyika katika kanisa lile lile. Kanisa lililoipokea sauti yake ya kwanza likalipokea jeneza lake.

Sitaki kuwahukumu watu wa Newark. Nataka tujiulize sisi wa Kalokol: kati ya sauti ya kwanza na jeneza, kanisa linafanya nini?

Kabla ya kuwa mchungaji nilipiga gitaa la besi kwa miaka sita. Najua kinachotokea ukishuka jukwaani. Watu elfu moja walikuwa wakipiga kelele, halafu dakika ishirini baadaye uko peke yako nyuma ya pikapu, umekalia spika, vumbi limejaa mdomoni. Mwili umechoka lakini usingizi haukubali kuja. Mikono inatetemeka. Hujala tangu asubuhi. Mkutano mmoja mkubwa tulipiga siku tatu mfululizo, na mwisho wake tukalipwa "Mungu awabariki." Ni kweli alitubariki, lakini nauli ya kurudi nyumbani tulikopa.

Katika saa ile ndipo mtu wa kwanza anapokuja na chupa. Mwingine anakuja na miraa ili mkeshe, na mwingine na kidonge ili mlale. Wanakuja na tabasamu, na mara nyingi ndio pekee waliokumbuka kukuuliza, "Ndugu, uko sawa?"

Turudi kwa Nehemia. Alikuwa amesafiri. Aliporudi Yerusalemu alikuta hekalu limenyamaza. Walawi na waimbaji wameondoka, kila mmamoja amekimbilia shamba lake. Kwa nini? Maandiko hayasemi wameasi, wala hayasemi wamerogwa. Yanasema hawakupewa sehemu zao. Walikuwa na njaa. Na Nehemia hakuwagombeza waimbaji. Aliwagombeza wakuu, akawauliza kwa nini nyumba ya Mungu imeachwa, kisha akawakusanya waimbaji na kuwarudisha mahali pao. Watu wakaleta nafaka, divai na mafuta ghalani, na wakawekwa watu waaminifu wa kuwagawia.

Mungu aliliweka jambo la chakula cha mwimbaji ndani ya Biblia. Sisi tunaliona dogo.

Mwone pia Eliya katika 1 Wafalme 19. Jana ameshusha moto Karmeli, leo yuko chini ya mti anaomba afe. Mungu alimfanyia nini kwanza? Alimwacha alale. Akamtumia malaika na mkate uliookwa juu ya makaa, na maji. Akala, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Mahubiri yalikuja baadaye kule Horebu. Sisi mtu akiwa chini ya mti tunaanza na mahubiri, na mkate tunausahau kabisa.

Watu wa Kalokol, mnakijua kile kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jengo lilisimama imara. Lakini kugandisha samaki katika joto letu kulidai umeme na maji safi kupita vilivyokuwepo, na kazi ikakwama mapema sana. Kipaji ni jengo. Unaweza kukijenga upesi na watu wakapiga picha mbele yake. Kinachokifanya kidumu ni vitu vya kila siku visivyopigwa picha: chakula, usingizi, mtu wa kumwambia ukweli, mahali pa kulia.

Sasa nifike nyumbani. Kati yetu kuna kijana anayepiga kinanda Jumapili, na mnajua jinsi anavyopiga. Naandika haya kwa ruhusa yake. Usiku wa kati ya juma hupiga kwenye sherehe na mikutano ya siasa, kwa sababu huko wanalipa. Ameanza kunywa. Mama yake alikuja kwangu akiwa hana machozi tena ya kutoa. Baadhi ya viongozi wanataka aondolewe ili madhabahu isichafuke, na wengine wanataka aachwe hivyo hivyo kwa sababu hatuna mpiga kinanda mwingine.

Niliwasikiliza wote. Nikaona pande zote mbili zinazungumza juu ya kinanda.

Tumekubaliana hivi: atapumzika jukwaani kwa muda, lakini hataondolewa mezani. Mzee mmoja atakula naye jioni. Tutampeleka kwa mhudumu wa afya anayejua mambo ya ulevi, na tutaomba pamoja naye, kwa sababu hospitali na maombi havijawahi kugombana. Atakapokuwa na nguvu atarudi, na akirudi atapewa sehemu yake kama Nehemia alivyoagiza. Kama Jumapili tutaimba kwa makofi matupu, tutaimba. Afadhali kinanda kinyamaze mwezi mmoja kuliko kijana anyamaze milele.

Kwa vijana wote wanaoota kuimba Tobong'u Lore, na pengine siku moja Nairobi: ota! Akuj ndiye aliyekupa sauti hiyo. Lakini ukiumia, sema mapema. Mkumbuke Philly Lutaaya wa Uganda. Mwaka 1989, wakati UKIMWI ulitajwa kwa kunong'ona tu, alisimama hadharani akasema anao. Wapo waliomwita mwongo anayetafuta sifa. Akatumia nguvu zilizobaki kwenda mashuleni na makanisani kuwaonya watu, akafa Desemba mwaka huo huo akiwa na miaka 38. Naye alikufa mapema, lakini aliutoa ugonjwa wake gizani, na wengine wakapata ujasiri wa kusema. Siri ingekufa naye bila kumsaidia yeyote.

Na kwa ninyi mnaopiga makofi, nawaomba mambo matatu juma hili. Kwanza, msishiriki tena zile video za kafara msanii anapofariki. Kuna mama anazitazama huku akimlilia mwanawe. Pili, mkialika kwaya au mwimbaji, wekeni chakula, nauli na mahali pa kulala kabla hamjaweka tangazo, na msiwaruhusu kusafiri usiku. Tatu, leo hii mpigie simu mtu mmoja anayeimba. Usimwambie ameimba vizuri. Muulize, "Umekula? Umelala?" Kisha nyamaza umsikilize.

Kama wewe ndiwe huyo mwimbaji uliye chini ya mti, usiandike hapa mbele ya watu wote. Nitumie ujumbe pembeni, saa yoyote. Chai ipo.

Tuombe: Baba, tunakushukuru kwa kila sauti uliyotupa. Utusamehe pale tulipoipenda sauti tukamsahau mwenye sauti. Wafariji mama waliozika watoto wao wenye vipaji. Walinde wanaosafiri usiku huu wakitoka kuimba. Mrudishe kijana wetu akiwa mzima. Utufanye watu wenye mkate mkononi. Katika jina la Yesu.

Semeni Amina, kisha mpige ile simu.