Bei za Jirani

Nilipokuwa sekondari mjini Arua, Uganda, milinganyo miwili yenye x na y tulifundishwa kama amri: zidisha, panga, alama zikifanana toa, zikitofautiana jumlisha. Tulikariri na majibu yakatoka. Kwa nini mstari mzima unaweza kutolewa kwenye mstari mwingine, hakuna aliyeuliza, na kwangu hicho ndicho kiini cha somo lote.

Jibu nililipata sokoni Koboko, kwa shangazi yangu. Alikuwa akichunguza bei za muuzaji wa jirani bila kumuuliza. Mteja mmoja alikuwa amenunua kwa jirani vikombe 3 vya maharagwe na 2 vya karanga kwa shilingi 12,000. Mwingine, 3 vya maharagwe na 5 vya karanga kwa 21,000. Shangazi hakuandika kitu. Maharagwe ni yaleyale, alisema, basi hizo elfu tisa zilizozidi ni za vikombe vitatu vya karanga. Kikombe elfu tatu. Maharagwe elfu mbili.

Baadaye, nikiwa mwalimu, nilisoma kwamba Wachina walifanya hivyohivyo karibu miaka 2,000 iliyopita. Katika sura ya nane ya kitabu chao cha Sura Tisa walipanga vijiti vya kuhesabia, wakazidisha safu na kutoa, bila herufi hata moja. Mwanahisabati Liu Hui akaandika ufafanuzi wa kitabu hicho mwaka 263. Ulaya njia hiyo ina jina la mwanahisabati Gauss, aliyeitumia karne ya 19 kukokotoa mizunguko ya magimba ya angani. Herufi, kumbe, zilikuja baadaye sana.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza mwaka 2020, ukitaka hesabu zitoke katika maisha, nilifurahi mno. Siku hizi naanza na manunuzi ya wateja wawili: maharagwe 2 na karanga 3 ni 13,000, maharagwe 3 na karanga 2 ni 12,000. Hakuna kinachofanana. Wanafunzi hubishana mpaka mmoja aseme: wa kwanza anunue mara tatu, wa pili mara mbili. Maharagwe yanakuwa 6 kila upande, 39,000 kwa 24,000, na karanga 5 zinabaki na 15,000 zao. Hapo ndipo naleta x na y.

Muhula uliopita niliandika ubaoni: 2 na 3 kwa 13,000, 4 na 6 kwa 26,000. Walizidisha, wakatoa, wakabaki na sifuri sawa na sifuri. Msichana mmoja akasimama: “Mwalimu, huyu wa pili hajatuambia kitu kipya. Tutafute mteja mwingine.”