Mikono Anayo, Sasa Mpe Hesabu

Göteborg, Uswidi

 

Kaka, ujumbe wako wa sauti umenifikia. Unasema kijana wako amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza, shule iko mbali na hapo nyumbani Puge, bweni halina nafasi, na tayari umezungumza na mwenye nyumba kuhusu chumba. Halafu ukauliza: huko Ulaya watoto wanakoondoka kwao mapema, huwa wanafundishwa nini kabla ya kwenda kukaa peke yao? Ukaongeza, kwa ile sauti yako ya kufunga mjadala, kwamba zamu ya dada yake ikifika hutakuwa na wasiwasi, maana yeye jiko analijua.

Nakujibu katika safu hii kwa sababu kila Januari swali lako huulizwa kuanzia hapo Puge hadi Bukene na Igunga. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004, shule za kata zimeenea karibu kila mahali, na tangu 2016 ada imefutwa hadi kidato cha nne. Watoto walioingia sekondari wamekuwa wengi kuliko vitanda vya mabweni, na anayetoka kijiji cha mbali hubaki na mawili: baiskeli au geto, yaani chumba cha kupanga. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba kujitegemea mapema ni mambo ya Wazungu. Hapa Uswidi kijana huondoka kwao, kwa wastani, akiwa na miaka 21 au 22, na takwimu za Ulaya zinawaweka Waswidi miongoni mwa wanaowahi kuliko wote. Mwanao atafunga mlango wa chumba chake mwenyewe akiwa na miaka 14.

Walichotuzidi wenzetu ni kukaa chini na kuamua kwamba jambo hili lina mwalimu wake. Tangu shule yao ya lazima ya miaka tisa ilipoanzishwa mwaka 1962, somo la mambo ya nyumbani ni la wavulana na wasichana sawasawa. Ni somo dogo kuliko yote, limetengewa saa 118 tu katika miaka yote hiyo tisa, lakini lina alama, na alama hizo huhesabiwa mtoto anapoomba nafasi ya sekondari ya juu. Darasa lenyewe ni jiko. Wanafunzi hugawanyika makundi, wanasoma maelekezo, wanapika, wanakula walichopika hata kikiwa kimeungua, kisha wanaosha vyombo na kufuta meza. Siku nyingine moto hauwashwi kabisa. Wanapewa matangazo ya maduka na kuulizwa ni pakiti ipi ya mchele iliyo rahisi kwa kilo. Madukani hapa bei ya kilo huandikwa kwa herufi ndogo kwenye rafu, chini ya bei ya pakiti, na mtoto hufundishwa kusoma hizo ndogo kwanza.

Kuna na shule nyingine isiyo na mwalimu. Majengo mengi ya kupanga yana chumba kimoja cha kufulia kinachotumiwa na wapangaji wote. Unajiandikisha siku na saa. Ukichelewa, mwingine anachukua nafasi yako. Ukiondoka bila kusafisha mashine, utakuta karatasi ya maneno makali mlangoni. Kijana anayehitaji shati la Jumatatu inambidi alikumbuke Jumatano. Na akifikisha miaka 16 akiendelea na masomo, serikali hutoa kronor 1,250 kwa mwezi, ambazo hadi atimize miaka 18 hupokelewa na mzazi. Wapo wazazi ninaowafahamu wanaompitishia mtoto fedha hizo zote na kumwambia: nguo, vocha na vitu vya kula nje ni juu yako. Akizimaliza wiki ya kwanza, wiki tatu zilizobaki atavaa alichonacho.

Kazi yangu, kama ujuavyo, ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Ninakutana na wanaume wa miaka themanini na kitu, waliosoma kabla mvulana hajalazimishwa kuingia jikoni. Mke akifariki, kuna ambaye hajui kahawa inawekwa kabati gani, wala bili ya umeme ililipwa lini. Wana wao, wenye miaka sitini, wakija kuwatazama wanafungua friji, wanaangalia kilichopo, wanapika. Ni ukoo uleule na nyumba ileile. Kilichobadilika hapo katikati ni shule.

Usidhani ninawasifu bila kipimo. Watoto wa hapa mikono yao ni myepesi. Wape kuku mzima, kuni mbichi na sufuria jeusi uone kama kutalika siku hiyo. Kijana wetu anayekuja kusoma huku ni kinyume chao: msibani atasonga ugali wa watu ishirini, atafua kwa mkono, ataunga mboga ya majani hadi jirani aulize ni nini kinachonukia vile. Lakini ikifika tarehe ishirini simu inalia: shangazi, nimekwama. Fedha zilikuwapo. Hakuna aliyewahi kumfundisha kuzigawa hadi tarehe thelathini.

Hapo ndipo ninapotaka tukae, kaka. Kwetu mtoto wa miaka kumi anachota maji, anaosha vyombo, anachanja kuni, anachunga ng'ombe. Kazi anazijua, ila kila kazi ameagizwa. Anayejua unga umebaki kiasi gani, chumvi itaisha lini, michembe na nsansa, vile vya kukaushwa, vianze kuliwa mwezi gani, na karanga zipi ni mbegu zisiguswe hata njaa iume, ni mama peke yake. Hesabu ya nyumba nzima inakaa kichwani mwake, na sisi wengine ni mikono yake. Shuleni nako ni hivyohivyo: kengele inasema amka, kengele inasema fagia. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, alitaka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba la shule na matumizi ya mapato yake. Sisi tuliokuja baadaye tulikuta jembe na fagio. Hesabu ilikuwa imebaki ofisini.

Na usiniambie kwamba mwanamume wa Kinyamwezi kukaa na chungu na kupima vibaba ni ugeni. Njia ya misafara ilipita kwetu. Wageni walioiona Unyamwezi karne ya 19 waliandika kwamba kijana hakuhesabiwa mtu mzima mpaka awe amefika pwani na mzigo na kurudi, na kwamba wavulana wadogo walianza kwa kubeba pembe ndogo za ndovu. Njiani wapagazi waligawanyika katika makambi madogo yaliyokula chungu kimoja: huyu kuni, huyu maji, huyu kibanda, huyu mapishi. Wanawake walikuwamo misafarani, lakini kijana asiye na mke hakungoja apikiwe. Na posho yao mara nyingi haikuwa chakula. Walipewa kitambaa au shanga za siku kadhaa, wakanunue wenyewe vijijini, kwa kipimo cha kibaba cha nafaka kwa siku. Aliyemaliza posho ya siku nne kwa siku mbili alijikuta ana deni kwa wenzake, na pengine mbele yake kuna Mgunda Mkali, lile pori kati ya Ugogo na Unyanyembe ambamo kwa siku nyingi hakukuwa na wa kumuuzia hata mtama. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, misafara ile ikaisha, na shule ile ya njiani ikaisha nayo.

Basi tumfundishe nini? Kupika utamaliza kwa wiki moja: ugali, wali, maharage, mboga moja ya majani, uji. Kisha mwachie hesabu. Likizo hii ya Desemba mpe chakula chake cha mwezi akiweke kando, apike mwenyewe. Debe la mahindi ni kama kilo kumi na nane. Likisagwa dona, mtu mmoja akila nusu kilo kwa siku linamfikisha mwezi na siku chache. Likisagwa sembe linapungua, na hilo nalo aligundue mwenyewe mashineni. Mpe na fedha ya mboga, mafuta, chumvi na sabuni kwa mkupuo mmoja, na daftari. Kila jioni aandike kilichotoka na kilichobaki. Usimkague kila siku. Kagua Jumapili.

Siku ya kulipia chumba, nenda naye. Wenye nyumba hupenda kodi ya miezi mitatu au sita kwa pamoja. Ahesabu yeye, asome karatasi kabla hujatia sahihi, na stakabadhi aitunze yeye. Aulize mbele yako: LUKU ni ya mita moja kwa wapangaji wote? Inachangwaje, na mwenye pasi au jiko la umeme anachangia sawa na mwenye taa tu? Maswali hayo yakiulizwa siku ya kwanza ni utaratibu. Yakiulizwa mwezi wa tatu ni ugomvi.

Kwenye simu, mwonyeshe makato. Anayetoa fedha kidogo kidogo kwa wakala kila siku hulipia kila mara anapotoa; ajue kiwango kinachofaa kutoa kwa wiki. Namba ya siri asimpe hata rafiki wa damu, wala mpigaji anayejiita huduma kwa wateja. Mkopo wa simuni na mikeka ya kubeti vinaanza na shilingi za nyanya, kwa hiyo zitaje nyanya kwa jina unapomwonya, asidhani unazungumzia mamilioni.

Na liko moja ambalo usilifanyie mzaha: jiko la mkaa halilali ndani na mtu. Chumba cha geto ni kidogo, dirisha hufungwa kwa hofu ya wezi na mbu, na hewa ya sumu ya mkaa haina harufu ya kumwamsha mtu. Apikie nje au barazani, na likibaki na kaa moja tu jekundu, libaki hukohuko nje. Mkiweza kumnunulia mtungi mdogo wa gesi, afundishwe kufunga koki kila amalizapo na kutogusa swichi wala kiberiti akisikia harufu yake.

Sasa turudi kwa dada yake, ambaye unasema huna wasiwasi naye. Mimi ninao zaidi kwake. Anajua kupika, ndiyo, lakini kama kaka yake hajawahi kukabidhiwa mwezi mzima. Unga ukiisha tarehe ishirini, kwa mvulana ni njaa na kuomba kwa jirani. Kwa msichana, mara nyingi ndiyo siku anayotokea mtu mwenye pikipiki na chipsi, mwenye huruma nyingi kuliko kawaida. Tumezoea kuwapa wasichana mahubiri juu ya mtu huyo. Tuwape na uwezo wa kutomhitaji: unga unaofika mwisho wa mwezi, akiba ndogo ya dharura, na namba yako ambayo ataipiga bila kuogopa kufokewa. Yeye naye apewe debe lake na daftari lake Desemba hii hii, na mvulana apangiwe zamu ya vyombo sawa naye. Mkiwalea kwa vipimo viwili, mmoja atajua kupika bila kujua kupanga, na mwingine hatajua hata kimoja.

Wataishiwa, kaka. Mmoja atakula mafuta ya wiki mbili kwa siku tano, mwingine atatumia fedha ya sabuni kununua vocha. Waache waishiwe. Ni afadhali unga uwaishie Desemba, chungu cha mama yao kikichemka chumba cha pili, kuliko uwaishie Machi mbali na nyumbani. Kitakachokupa kazi ni wifi, maana najua atataka kuwaongezea kisirisiri, kikombe kimoja kimoja, usiku. Mwambie mapema, na mwambie ni mimi niliyesema.

Jumapili ya mwisho ya mwezi wanitumie picha ya madaftari yote mawili. Shangazi yao atataka kuona na makosa.

Mdogo wako,
Göteborg