Usiku Mrefu wa Mwanahistoria

Baba alipopata kiharusi, mchana nyumba ilijaa watu. Majirani walikuja, wanajumuiya wakaimba, shangazi akapika uji. Usiku nilibaki mimi. Mama miguu inamsumbua, tulimlazimisha alale. Kila baada ya saa mbili nilimgeuza baba ubavu ili asipate vidonda, nikamkuna pua akisema inawasha, kisha nikarudi kwenye godoro langu sakafuni. Ni kwenye godoro hilo nilipoanza kumsoma tena Tony Judt.

Nilimfahamu chuoni, katika somo la historia ya Ulaya. Kitabu chake kikubwa, Postwar, kilitoka 2005. Kina kurasa zaidi ya 800 na kinaisimulia Ulaya tangu vita vilipokwisha mwaka 1945. Nilikwenda nacho nyumbani likizo. Baba, mstaafu wa TAZARA, alikipima mkononi kama anayepima kilo ya sukari, akauliza, "Ulaya inakuhusu nini, mama?" Nilimjibu kwamba kipo kwenye mtihani. Baba akacheka, akanirudishia.

Judt alizaliwa London mwaka 1948, katika familia ya Kiyahudi. Akasoma Cambridge na Paris, akawa bingwa wa historia ya wanasiasa na wasomi wa mrengo wa kushoto wa Ufaransa. Angeweza kubaki hapo hadi kustaafu. Lakini miaka ya 1980, tayari akiwa mhadhiri mwenye jina, alianza kujifunza Kicheki kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, na lugha hiyo ikamfungulia mlango wa Ulaya Mashariki. Desemba 1989, tawala za kikomunisti zikianguka moja baada ya nyingine, alikuwa Vienna akibadilisha treni. Hapo stesheni aliona kwamba historia ya Ulaya aliyoizoea imekwisha, na kwamba inabidi iandikwe upya. Kuiandika kulimchukua miaka mingi.

Kilichonishika katika kitabu hicho ni habari ya kusahau. Judt anaonyesha kwamba Ulaya ya baada ya vita ilijijenga kwa saruji, kwa fedha za Marekani na kwa kufumba macho. Waaustria walijiita wahanga wa kwanza wa Hitler. Wafaransa walisimuliana kana kwamba karibu kila mtu alikuwa amempinga Mjerumani. Wayahudi wachache waliorudi makwao walikuta majirani wasiotaka kusikia waliyoyapitia. Ilipita miaka mingi kabla hadithi hizo tamu hazijaanza kuvunjwa. Nina ugomvi wangu na kitabu hicho: Afrika inaingia zaidi pale wakoloni wanapofungasha virago. Hata hivyo nilikipenda, kwa sababu mwandishi wake hakumwonea haya mtu yeyote, hata watu wa upande wake.

Mwaka 2008 aligundulika ana ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli. Vidole vikaanza, kisha mikono, miguu, hatimaye pumzi. Akili ilibaki nzima, na ngozi iliendelea kuhisi kila kitu. Oktoba 2009 aliwahutubia watu New York akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mashine ikimsaidia kupumua. Alizungumzia wajibu wa dola kwa raia wake, na hotuba hiyo ikazaa kitabu.

Ila mimi nilizitaka habari za usiku wake. Alilazwa kitandani bila kuweza kujigeuza wala kujikuna, akangoja asubuhi. Ili asirukwe na akili, aliirudia kichwani nyumba ndogo ya mbao huko Uswisi, ambako wazazi wake walimpeleka alipokuwa mtoto. Aliingia chumba hadi chumba, akihifadhi wazo moja kabatini, jingine juu ya meza. Kukicha alipita tena, akayakusanya, akayatamka, mtu mwingine akaandika.

Usiku mmoja nilimhadithia baba habari hizo. Alikaa kimya, nikadhani amelala. Kisha, kwa ulimi wake mzito, akaanza: "Mzenga. Kisaki. Mang'ula. Ifakara. Mlimba." Alikuwa akipita stesheni za reli yake. Kumbe alifanya hivyo kila usiku, akitafuta usingizi.

Tukaanza safari. Kisaki treni ilisimama kupisha tembo. Mang'ula alilala na malaria ndani ya behewa la mizigo. Ifakara alinunua mchele, ukamwagika wote relini. Mlimba alimkuta msichana anauza ndizi, akanunua mkungu mzima asiouhitaji. Msichana huyo ni mama yangu. Kila usiku tulisogea kidogo, na simu yangu ilikuwa pale pale pembeni ya godoro. Sikuiwasha. Niliona kumrekodi ni sawa na kumwambia kwamba atakufa.

Hatukufika Makambako. Kiharusi cha pili kilichukua ulimi kwanza, na baada ya siku tisa kikamchukua mwenyewe.

Judt alifariki tarehe 6 Agosti 2010, akiwa na miaka 62. Makala za usiku wake zilitoka mwaka huohuo katika kitabu, The Memory Chalet. Mimi nina daftari moja, niliyoyaandika baada ya arobaini, kwa kukumbuka tu.

Nilipomsomea mama, alisikiliza mpaka Mlimba, akanikatiza. "Ndizi? Mimi sijauza ndizi maisha yangu. Tulikutana Makambako, kwenye harusi ya binamu yake, na alikuwa amelewa."

Nilibaki na kalamu mkononi. Judt alionya mara nyingi kwamba kumbukumbu si historia. Kumbukumbu humpenda mwenye nayo, na lazima mtu mwingine aje kuipima, hata ikiuma. Nilikuwa nimeyaandika maneno hayo kwenye mtihani, nikapata alama nzuri.

Sikufuta ndizi. Chini yake niliandika Makambako, harusi, na pombe. Kisha nikawasha simu, nikaiweka mezani, nikamwambia mama aanze mwanzo.