Pishi na Kibaba

Kila mkesha wa mwaka mpya, mwanafunzi mmoja wa Kiswahili aliandika maazimio kumi daftarini. La kwanza halikubadilika kwa miaka mitatu: kuhifadhi fasihi simulizi ya jamii yake. Lilikuwa azimio tukufu, ila halikuwa na siku, mahali wala msimulizi. Mwaka wa tatu, mwezi Agosti, nyanya yake aliaga dunia. Ngano zake nyingi zilizikwa pamoja naye, ilhali kinasa sauti kilikuwa kabatini, hakijawahi kutumiwa.

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Walijua pia kuwa vibaba vinne ndivyo pishi. Mwanafunzi huyu alikuwa ameazimia pishi kila Januari bila kushika kibaba mkononi.

Desemba iliyofuata aliandika azimio moja tu: Jumamosi ya kwanza ya mwaka, kurekodi ngano moja ya babu.

Siku hiyo ilipofika, mzee alikitazama kile kinasa sauti, akanyamaza kidogo.

"Nitaanza na ile aliyoipenda nyanyako," alisema. "Paukwa!"

"Pakawa," mjukuu akaitikia, sauti ikimkwama kooni.