KONEKSHENI SIO NAMBA ZA SIMU: Dada Mpambaji wa Katoro Alivyojenga Watu Wake

Katoro ukimuuliza mtu mchongo kaupataje, jibu huwa moja tu: koneksheni. Fremu ya stendi, koneksheni. Kazi kwenye plant ya kuchenjua dhahabu, koneksheni. Neno limezoeleka mpaka vijana wengi wanaamini koneksheni ni kitu mtu anazaliwa nacho kama urefu, ukikosa ndo basi tena.

Sio kweli, na ushahidi uko mjini hapohapo.

Kuna dada mmoja mpambaji wa kumbi, ana miaka 26, elimu yake kidato cha nne. Alianza kwa kuuza duka la vitenge la mtu kwa miaka 2, usiku anajifunza kupamba kwa kuangalia video kwenye simu. Akakopa kwenye kikoba, akaagiza vitambaa na maua kutoka Kariakoo. Mzigo ukafika, ukakaa chumbani. Marejesho kila wiki, kazi hamna.

Shida haikuwa mikono yake, shida ilikuwa mdomo. Siku moja aliitwa kwenye kikao cha harusi ya mtoto wa mwenye duara mmoja mwenye hela zake. Watu wamejaa, mwenyekiti akamwambia, "Haya binti, jieleze." Akasema kwa sauti ya chini kwamba anapamba vizuri na bei yake ni nafuu, akakaa. Kazi akapewa mwingine mwenye bei kubwa kuliko yake.

Mama mmoja mpishi aliyekuwepo pale akamwita pembeni. "Mwanangu, umewaambia wewe ni mzuri. Kila anayekuja hapa anasema hivyohivyo. Ukumbi wao umeuona?"

Hakuwa ameuona.

Kuanzia hapo akabadilisha mwendo. Kabla ya kikao chochote anapita kwanza ukumbini. Anapima, anahesabu meza zinazoenea, anaangalia soketi ziko wapi na umeme ukikatika jenereta itakaa upande gani. Akisimama mbele ya kamati hataji sifa zake, anauliza: "Mwenyekiti, mmesema wageni 300. Ule ukumbi kwa meza za duara unachukua 240. Hao 60 tunawawekea turubai nje, au tunabadilisha meza?"

Kamati nzima inamgeukia. Sauti yake ni ileile, haijawa nene. Kilichobadilika ni kwamba sasa anaingia na kitu ambacho wao hawana. Kujiamini kwake kunatoka hapo. Nguo kali na marashi ni nyongeza tu.

Kwa Katoro jambo hili lina uzito wake. Mji uko kwenye barabara ya kutoka Geita kwenda Chato, umegusana na Buseresere, na jirani kuna machimbo ya Rwamgasa na Nyarugusu. Ni mji wa watu wa kuja: Msukuma, Mhaya, Mha, Mkurya, kila mtu kaja kutafuta. Hela inaingia kwa kasi na inatoka kwa kasi. Duara likitoa, wiki hiyohiyo kuna sherehe. Likikata, simu hazipokelewi. Na kwa kuwa hamjuani kwa ukoo, mtu kabla hajakupa kazi anauliza swali moja: huyu nani anamjua?

Hata dhahabu yenyewe ilikuwa hivyo. Kabla ya soko la dhahabu la Geita kufunguliwa Machi 2019, bei ya mchimbaji mdogo ilitegemea sana broka anayemjua. Siku hizi sokoni kuna mizani na bei elekezi. Lakini kwa mpambaji, fundi simu au mpiga picha hakuna bei elekezi. Mizani yake ni maneno ya watu.

Sasa mwangalie MC mmoja wa mji huohuo. Jamaa ana namba za mabosi mpaka simu inalemewa. Kila mheshimiwa ana picha naye, status hazikauki. Ila jina lake likitokea kwenye simu yako, unajua kabisa hicho ni kizinga. Ulifiwa, hakuuliza. Mtoto wako kaanza shule, hana habari. Siku spika zake zilipokufa wiki ya harusi, alipiga simu usiku kucha. Wengi hawakupokea, waliopokea wakamwambia "nitakucheki". Akakodi spika kwa bei ya kuruka, na baada ya kazi akabaki na nauli tu.

Yule dada ana daftari dogo. Kila Jumapili akitoka kanisani anapigia watu 3 ambao hana shida nao. "Mwadila mayu, nilikuwa nakusalimia tu." Dakika 2, kwisha. Kwenye daftari anaandika nani kajifungua, nani kahamishia biashara Runzewe, ili simu nyingine aanzie hapo. Akiazima waya wa mtu, unarudi usiku uleule.

Lakini ukweli usemwe, kwa mabinti njia hii ina miiba. Bosi mmoja alimwambia mazungumzo ya kazi wakayamalizie gesti, saa 3 usiku. Akajibu: "Bosi, naomba nije kesho saa 4 asubuhi ofisini kwako, nitakuja na msaidizi wangu na karatasi ya bei." Bosi hakujibu tena. Kazi ikapotea, na mwezi ule ulikuwa mgumu kinoma, marejesho ya kikoba aliyakopa kwa dada yake.

Aliyemshika mkono ni mshindani wake, mpambaji mwenzake. Mwezi mmoja nyuma harusi 2 zilimgongana tarehe. Wengine huwa wanapokea advansi zote 2 halafu wanavuruga zote, yeye moja akamwachia mwenzake, na hakudai asilimia. Mwenzake aliposikia yaliyomkuta akamwita wafanye kazi pamoja, wagawane nusu kwa nusu. Ukiwa na watu wa aina hiyo, neno "hapana" linatamkika. Ukiwa na bosi mmoja tu wa kumtegemea, ni ngumu sana kulisema.

Na kazi yake kubwa kuliko zote haikutoka kwa bosi yeyote. Ilitoka kwa kijana wa jenereta. Alimkodi mara moja tu, akamlipa siku ileile bila kumzungusha na akamfungia pilau la kwenda nalo. Miezi 8 baadaye kijana huyo yuko Geita mjini, viwanja vya Bombambili, kwenye yale maonesho ya teknolojia ya madini ya kila mwaka. Akasikia watu wa kampuni fulani wanalalamika mpambaji wao kaingia mitini. Akawaambia, "Kuna dada yuko Katoro, hana longolongo." Simu moja ikapigwa. Hela ya kazi ile ilimaliza deni lote la kikoba.

Hili halikuanzia Katoro. Mwaka 1973 msomi wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha utafiti wa watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Aliwauliza walikuwa wanaonana na mtu huyo mara ngapi. Karibu asilimia 17 tu ndo waliokuwa wanaonana naye mara kwa mara, waliobaki walionana naye kwa vipindi au kwa nadra. Sababu ni nyepesi: washkaji wako wa kijiweni wanajua yaleyale unayoyajua wewe. Habari mpya inaletwa na anayezunguka kwingine, kama kijana wa jenereta.

Kwa hiyo kama muda huu uko geto unalalamika huna koneksheni, fungua simu. Tafuta watu 3 ambao hujaongea nao tangu mwaka jana. Wasalimie, waulize wanaendeleaje, usiombe kitu. Wiki ijayo wengine 3. Na kama kuna waya wa mtu uko chini ya kitanda chako, anza kwanza kuurudisha.