Fainali Itafika Dakika 120?

Ndugu msomaji, fainali ya Kombe la Dunia inapokaribia, watu hubishana. Mmoja husema mchezo utakwisha kwa dakika 90. Mwingine husema utakwenda muda wa nyongeza. Ubishi huo ni mzuri. Lakini kuna wanaoweka fedha.

Sheria ni hii. Timu zikiwa sare baada ya dakika 90, huongezwa dakika 30. Zikiwa bado sare, hupigwa penalti.

Mimi ni bwana shamba. Mwezi Desemba, mwaka 2022, mkulima mmoja alinijia na fedha ya mbegu mkononi. Argentina na Ufaransa zilikuwa zikikaribia kucheza fainali.

"Bwana shamba," aliniambia, "mchezo huu utafika dakika 120. Nataka kuweka fedha hii."

Tukakaa chini, tukahesabu. Tangu mwaka 1930 zilikuwa zimechezwa fainali 20. Mwaka 1950 hatukuuhesabu, kwa sababu bingwa alipatikana kwa pointi. Fainali 7 zilikwenda muda wa nyongeza: 1934, 1966, 1978, 1994, 2006, 2010 na 2014. Fainali 13 zilikwisha kwa dakika 90.

Mkulima akasema, "Lakini tazama! 2006, 2010 na 2014 zimefuatana."

Ni kweli. Katika fainali, timu nyingi huogopa kufungwa, basi hucheza kwa tahadhari. Mwaka 2010 na 2014 hakuna aliyefunga katika dakika 90. Lakini mwaka 2018 Ufaransa iliifunga Croatia mabao 4 kwa 2, na nyongeza haikuhitajika.

Mkulima akafikiri. Kisha akaenda kununua mbegu.

Je, fainali ile ilikuwaje? Hadi dakika ya 79 Argentina iliongoza mabao 2 kwa 0. Kisha Mbappé wa Ufaransa akafunga mabao mawili, dakika ya 80 na ya 81. Mchezo ukafika dakika 120, sare ya 3 kwa 3. Argentina ikashinda kwa penalti 4 kwa 2.

Mkulima alikuwa amesema sawa. Lakini dakika moja kabla ya penalti ya Mbappé, nani angemwamini? Kubahatisha si kujua.

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Lakini si kila wingu huleta mvua. Sisi wakulima tunahesabu mvua za miaka iliyopita ili tujipange. Tunapanda mahindi, tunapanda na mtama. Zao moja likikosa, lingine hutuokoa. Anayeweka fedha yote kwenye mchezo mmoja hana mtama wa kumwokoa.

Ndugu msomaji, nunua mbegu kwanza. Lipa ada ya mtoto. Kisha njoo ubishane na wenzako. Atakayeshindwa achote ndoo mbili za maji ya chai.