Bata Wangu na Yai Lililokosa Ganda

Wenzangu wa Kidato cha Tatu huniita Mama Bata. Jina hilo nililipata mwezi wa Julai, siku niliyochelewa gwaride na mwalimu wa zamu akaniuliza sababu mbele ya shule nzima. Nilimjibu ukweli wangu: bata wangu alikuwa amekufa na yai tumboni. Wanafunzi waliangua kicheko, mwalimu naye akageuka upande ili asionekane akicheka. Siwalaumu. Hawakujua hadithi ilikotoka.

Ilitoka nyuma ya jikoni kwa nyanya. Bata wake aliangua vifaranga tisa kabla ya Krismasi, na siku ya kufungua shule mwezi wa Januari nyanya aliniita akanitengea sita.

"Hawa ni wako, mama," akasema. "Chakula chako cha mchana huko shule watalipa hawa. Pesa ya miwa haijaingia, na mimi sijui itaingia lini."

Sisi wa shule ya kutwa tunaelewa maneno hayo. Ukikosa pesa ya chakula, saa saba unakunywa maji ya mfereji, kisha unakaa chini ya mti na kitabu ukijifanya unasoma.

Nikaanza kuwalisha kwa bidii. Asubuhi makombo ya ugali, jioni makombo ya ugali. Kabla ya mwezi kwisha, wawili walikuwa hawasimami. Walijikokota kwa magoti, na mmoja miguu yake ikapinda nje kama upinde. Huyo nikampa jina la Matege. Nilidhani ni baridi ya usiku.

Mwalimu wa Kilimo ndiye aliyenifumbua macho. Alieleza kwamba kifaranga wa bata anahitaji vitamini iitwayo niasini karibu mara mbili ya kifaranga wa kuku, na akiikosa miguu hulegea na kupinda. Mahindi yana niasini kidogo, tena hiyo kidogo imefungika, tumbo haliipati kwa urahisi. Hata binadamu walioishi kwa mahindi matupu waliugua pelagra mpaka ngozi ikawababuka. (Nilipofika nyumbani niliitazama sahani yangu ya ugali kwa jicho lingine, lakini kulikuwa na maharagwe, nikala.) Nilikwenda sokoni nikamwomba mama wa omena yale mavunjikovunjiko yanayobaki chini ya gunia. Nikayasaga, nikachanganya na pumba. Baada ya siku chache walisimama wote, ila Matege aliendelea kutembea kama baharia aliyeshuka melini.

Mwewe alimnyakua mmoja. Nikabaki na dume mmoja na majike wanne. Mkubwa wao alikuwa mweupe pepepe, nikamwita Bibi Harusi.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Bata wetu ni wale wenye uso mwekundu wenye manundu, wasiopiga kelele. Mwalimu alisema asili yao ni Amerika ya Kusini. Jike wao huanza kutaga akiwa na miezi sita au saba hivi. Wangu walikuwa hawajafikisha hata mitano, lakini mimi nilikwisha piga hesabu nyuma ya daftari: majike wanne, yai moja shilingi 30. Mjomba aliponipa pesa kidogo wakati wa likizo, nilikimbia duka la agroveti nikanunua kilo tano za leyasi, kile chakula cha kuku wa mayai. Niliona kwamba akila chakula cha kutaga, atataga.

Shule ilipofunguliwa nikamsimulia mwalimu, nikitarajia sifa. Alishika kichwa. Leyasi ina kalsiamu karibu asilimia 4, na bata anayekua hata asilimia 1 inamtosha. Inayozidi hupitia kwenye figo na kuziharibu.

"Unamvisha mtoto viatu vya babake halafu unamwambia akimbie," akasema.

Nikaacha siku hiyo hiyo. Kosa la pili likazaliwa hapo, kwa maana niliacha nisirudi tena. Omena nayo nilikuwa nimeipunguza, miguu si ilikuwa imepona? Julai ilipofika, majike wakaanza kukagua pembe za jikoni na kukusanya majani makavu. Niliona. Nilifurahi. Sikumwambia mtu, wala sikubadilisha chakula.

Yai la kwanza nililiokota Jumanne. Lilikuwa laini, linabonyea mkononi kama mfuko wa maji. Nyanya alisema mayai ya mwanzo wakati mwingine huwa hivyo, nami nikatulia. Ijumaa alfajiri nikamkuta Bibi Harusi ameinamisha mkia, anahema mdomo wazi, anasukuma na hakuna kitu kinachotoka. Nyanya alimweka ndani ya karai la maji ya uvuguvugu, akampaka mafuta, akamsemesha kama mzazi. Jua lilipochomoza alikuwa amekufa.

Nyanya hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Ulimwona akitafuta mahali pa kutagia. Si ungeniambia?" Tulimzika chini ya mparachichi, nikaenda shule nikacheleweshwa na machozi, na mengine mnayajua.

Baadaye nilielewa kwamba ganda la yai karibu lote ni kalsiamu kabonati. Bata asipoipata katika chakula, mwili huichukua kwenye mifupa yake mwenyewe. Tena misuli inayosukuma yai nayo inaihitaji ili ifanye kazi. Niliwapa wakati hawaihitaji, nikawanyima wakati wanaililia.

Tangu siku hiyo nampitia mama anayeuza mayai ya kuchemsha pale stendi, ananiwekea maganda. Nayakausha juu ya jiko, nayatwanga kwenye kinu, naweka kwenye kopo la peke yake ili kila bata ajichukulie kiasi chake. Leyasi nayo imerudi. Nyanya huongeza konokono anaowaokota kwenye mboga, na kila jioni ananieleza aliyoyaona mchana, nami namweleza niliyosikia darasani.

Mwezi wa Agosti nililigonga yai kwa ukucha: ko! Gumu. Nimeuza 22, yaani shilingi 660, na karani wa shule amenipa risiti. Deni bado lipo, ila saa saba napanga foleni na sahani yangu.

Matege amelalia mayai 11. Bata wa aina yake huatamia siku 35, na leo ni ya 21. Kasuku nzima ya omena nimeificha juu ya dari, paka asiione.